Plesmone: shibe ya mwili katika Wakolosai 2:23

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha maombi cha akina mama usharikani kwetu. Tulikuwa na mfungo wa siku 21, kavu mpaka saa kumi na mbili jioni. Mimi nina vidonda vya tumbo, kwa hiyo nilikuwa nakunywa kikombe cha uji asubuhi ili nimeze dawa. Kiongozi wetu ana daftari la mfungo, na jina langu likaandikwa kwa wino mwekundu. Halafu akaja mhubiri mgeni, akasoma Wakolosai 2:23, akasema kwenye Kigiriki kuna neno plesmone, maana yake ulafi na anasa, na kwamba asiyeweza kufunga ana roho ya plesmone. Mwalimu, niliumia sana. Je, neno hilo lina maana hiyo? Na mstari ule unasema nini hasa?

Jibu: Marahaba, mama. Pole kwa maradhi, na pole zaidi kwa huo wino mwekundu.

Neno lenyewe lipo kweli. Huandikwa πλησμονή, na mkazo wake uko kwenye silabi ya mwisho: plesmoné. Katika Agano Jipya lote limeandikwa mara moja tu, mwishoni mwa mstari huo aliousoma mhubiri wenu. Maana yake ya kawaida ni shibe, yaani hali ya mtu aliyekula akatosheka. Limetoka kwenye kitenzi pimplemi, kujaza, na ndugu yake wa karibu ni empimplemi, kushibisha. Hicho ndicho kitenzi kilichomo katika Yohana 6:12, pale umati uliolishwa mikate mitano na samaki wawili uliposhiba. Ndicho alichokiimba Mariamu katika Luka 1:53: wenye njaa amewashibisha mema. Kwa hiyo shina la neno hili halina aibu yoyote. Limekaa kwenye muujiza wa Bwana na kwenye wimbo wa mama yake.

Neno likitokea mara moja tu, huwezi kulipima kwa mstari huo mmoja. Inabidi uende kulisikiliza kule linakosemwa mara nyingi. Bahati nzuri tunayo Septuaginta, yaani Maandiko ya Kiebrania yaliyotafsiriwa na Wayahudi kwa Kigiriki kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, ambayo ndiyo Biblia iliyonukuliwa sana na mitume. Humo plesmone limo zaidi ya mara 20, na ukilifuata kitabu kwa kitabu unaona jinsi linavyogeuka rangi.

Katika Kutoka 16:3 Waisraeli wanazikumbuka sufuria za nyama za Misri, walipokula mikate "hata kushiba": hapo Kigiriki kinasema eis plesmonen. Katika Walawi 25:19 ni ahadi: nchi itatoa matunda yake nanyi mtakula mshibe. Katika Mithali 3:10 ni ghala lililojaa nafaka. Hagai 1:6 analia kwa kukosekana kwake: "mnakula, lakini hamshibi." Hapo kote plesmone ni baraka, na asiyekuwa nayo anahurumiwa.

Lakini neno hilohilo linaweza kuharibika. Ezekieli 16:49 anataja dhambi ya Sodoma, na kwanza anataja kiburi, kisha plesmone ya mikate, halafu anasema maskini na mhitaji hawakutiwa nguvu mkono. Angalia kosa liko wapi. Mkate haukuwa dhambi. Shibe ilikuwa imewapofusha wasimwone mwenye njaa mlangoni. Wahenga wetu walilijua jambo hili bila kusoma Ezekieli: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Shibe inalewesha, njaa inalegeza, na methali haikuisifu moja ikaishutumu nyingine.

Mahali panapogusa zaidi swali lako ni Isaya 1:13-14. Kwa Kigiriki chake Mungu anataja miandamo ya mwezi, sabato, siku kuu, na kufunga, halafu anawaambia watu wake: mmekuwa kwangu plesmone. Kiswahili kina neno linalofaa hapo kabisa, kukinai. Nimewakinai. Ni kama mtu aliyelishwa pilau lenye mafuta mengi siku tatu mfululizo, ukimletea sahani ya nne harufu tu inamgeuza tumbo. Ni Mungu mwenyewe aliyevimbiwa na ibada zao, na mifungo imo kwenye orodha. Sasa fungua Wakolosai 2:16 uone kinachotajwa: vyakula, vinywaji, sikukuu, mwandamo wa mwezi, sabato. Mimi nikiisoma sura ile ya Wakolosai husikia sauti ya Isaya nyuma yake.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Tunayo kushiba, tunayo kutosheka, tunayo kuvimbiwa, na tunayo kukinai, ambalo lenyewe lina pande mbili: mwenye kukinai anaweza kuwa ameridhika na alicho nacho, na anaweza kuwa amechoshwa nacho hadi kichefuchefu. Mgiriki alikuwa na neno moja lililobeba safari hiyo yote, toka mlo wa kutosha mpaka kupitiliza. Waganga wao walilitumia kila siku. Katika maandiko yaliyopewa jina la Hipokrates imo kauli kwamba si plesmone wala njaa iliyo njema ikizidi kipimo cha maumbile. Kwa hiyo maana ya kupitiliza imo ndani ya neno, lakini huletwa na maneno yanayolizunguka. Likisimama peke yake ni shibe tu.

Sasa Paulo ameliambatanisha na nini? Amesema plesmone ya mwili. Na hapa, mama, ndipo Biblia yetu ya Kiswahili inapotuficha kitu, bila kukusudia. Union Version, iliyotoka mwaka 1952, inasema mambo hayo, yaani masharti ya mstari wa 21 ya "msishike, msionje, msiguse", yana sura ya hekima "katika kuutawala mwili kwa ukali, lakini hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili." Umesikia neno mwili mara mbili. Katika Kigiriki ni maneno mawili tofauti. La kwanza ni soma, mwili huu wenye tumbo, mgongo na vidonda. La pili ni sarx, nyama, ambalo Paulo hulitumia mara nyingi kwa ubinadamu wetu unaojitegemea bila Mungu na kujipenda wenyewe. Na neno "tamaa" halimo kabisa. Kama angetaka kuandika tamaa, alikuwa na neno epithymia, na analitumia mistari michache mbele, katika 3:5. Kwenye 2:23 ameandika shibe.

Kwa hiyo Paulo ameweka mambo mawili uso kwa uso katika sentensi moja. Upande huu kuna apheidia ya soma, yaani kutouhurumia mwili, kuunyima bila huruma. Upande wa pili kuna plesmone ya sarx, shibe ya nyama. Mwili unakonda, nyama inanenepa. Ukisoma "mwili" na "mwili", kishindo hicho chote kinapotea. Inaonekana kama anazungumza juu ya tumbo mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana mhubiri akadhani mwenye shibe hapo ni yule aliyekunywa uji.

Je, nyama inashibaje wakati tumbo liko tupu? Paulo ameshajibu katika 2:18. Anamtaja mtu anayependa kujinyenyekeza kwa namna yake na kuabudu malaika, na anasema mtu huyo amevimba bure kwa akili za nyama yake. Kitenzi ni physioo, kuvuvia kitu hewa mpaka kivimbe, kama kiriba. Neno lake la kunyenyekea, tapeinophrosyne, huenda lilikuwa linagusa hasa kufunga, maana katika Maandiko kuitesa nafsi na kufunga huenda pamoja, kama katika Walawi 16:29. Basi picha ni hiyo: mtu hajala, na amevimba.

Naomba nikueleze jambo langu mwenyewe, kwa sababu sikulijua hili vitabuni kwanza. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, tulifunga siku tatu bila chakula wala maji. Usiku wa tatu tulikuwa kwenye mkesha, midomo imekauka mpaka inapasuka ukiimba. Mwenzangu mmoja alitoka nje, akarudi baada ya dakika kumi, akapangusa mdomo kwa nyuma ya mkono. Nikajua ametoka jikoni. Saa ile, mama, niliona raha ambayo sijawahi kuipata kwa chakula chochote. Ilishuka kifuani kama maji baridi. Njaa ilikatika. Nikaomba kwa sauti kubwa zaidi ili anisikie. Miaka mingi baadaye nilipoanza kufundisha Wakolosai darasani nilifika kwenye maneno pros plesmonen tes sarkos, hayo ya shibe ya nyama, nikanyamaza kidogo mbele ya wanafunzi, kwa kuwa niliikumbuka ladha yake.

Nirudi kwenye sarufi, kwa maana mstari huu ni mgumu na sitaki udhani nimeuchagulia maana inayokufaa. Mgogoro wa wataalamu uko kwenye kineno pros, kinachosimama mbele ya plesmone. Pros huonyesha kuelekea. Lakini kuelekea kwaweza kuwa kwa wema au kwa vita. Katika Waefeso 6:12, kushindana kwetu "juu ya" falme na mamlaka, ni pros. Wagiriki pia waliitaja dawa kwa pros na jina la ugonjwa. Kwa upande mwingine, katika Yohana 11:4 Bwana anasema "ugonjwa huu si wa mauti", na hapo "wa mauti" ni pros thanaton, wa kuelekea kifo.

Kiswahili chetu kina kitendawili hichohicho. Tukisema dawa ya kikohozi, tunamaanisha dawa ya kukiondoa kikohozi. Tukisema ugonjwa wa mauti, tunamaanisha ugonjwa wa kuleta mauti. Kiunganishi ni kilekile, -a, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayechanganyikiwa, kwa sababu dawa na ugonjwa vyenyewe vinamwonyesha njia. Swali la Wakolosai 2:23 ni hili: masharti yale ya "msishike, msionje, msiguse" ni ya shibe ya nyama kama dawa ilivyo ya kikohozi, au kama ugonjwa ulivyo wa mauti?

Wanaoshika maana ya dawa husoma hivi: masharti hayo hayana thamani yoyote katika kuipinga shibe ya nyama. Mwingereza Joseph Lightfoot aliitetea sana maana hii katika ufafanuzi wake wa Wakolosai wa mwaka 1875, naye alikuwa mmoja wa waliorekebisha Agano Jipya la Kiingereza lililotoka mwaka 1881. Tangu hapo maana hiyo imeenea, na Union Version yetu imepita njia hiyohiyo ilipoandika "kuzizuia". Hilo neno kuzuia ni ufafanuzi wa pros, wala halisimami peke yake katika Kigiriki.

Wanaoshika maana ya pili husoma: masharti hayo yana sifa ya hekima, lakini mwisho wake ni kuishibisha nyama tu. Mimi niko upande huu. Sababu yangu kubwa ni 2:18, yule mtu aliyevimba. Paulo ameshasema mfungo wa namna ile unavimbisha, na sioni kwa nini mistari mitano baadaye aridhike kusema tu kwamba hausaidii. Ila nawaheshimu wanaosema vingine, na nimefundisha pamoja nao kwa amani.

Ipo njia ya tatu, ya zamani kuliko hizo mbili, nayo naipenda kwa ajili yako. Baba wa Kanisa waliozaliwa na Kigiriki, kama Yohana Krisostomo wa karne ya 4, walilisoma neno la Kigiriki time lililomo mstarini kwa maana ya heshima. Kwao kosa la walimu waliowatoza Wakolosai masharti hayo ni kwamba hawaupi mwili heshima yake. Krisostomo anahubiri kwamba Mungu ameupa mwili heshima, lakini wao hawautendei kwa heshima. Hapo plesmone inarudi kuwa shibe njema, riziki ambayo mwili unastahili. Tafsiri ya Kijerumani ya Luther mwenyewe ilisimama hapohapo. Kisarufi naona njia hii ina shida, kwa sababu inalazimisha sarx iwe sawa na soma baada ya Paulo kuzitenga. Lakini sikiliza jinsi masikio ya Wagiriki wenyewe yalivyopokea neno plesmone: Krisostomo, aliyekuwa mfungaji mkali hata akaliharibu tumbo lake ujanani kwa kujinyima, aliweza kulisikia kama haki ya mwili.

Kwa hiyo, mama, katika njia zote tatu hakuna inayomfikia mgonjwa aliyekunywa uji. Ya kwanza inasema masharti makali hayaitibu nyama. Ya pili inasema yanailisha. Ya tatu inasema yanaudhulumu mwili. Wanaosemwa katika mstari huu ni wenye kutoza masharti, na waliotozwa ndio Paulo anaowatetea: "mtu asiwahukumu ninyi katika vyakula au vinywaji." Mhubiri amekishika kisu upande wa makali. Huenda alikutana na neno hilo kwenye kamusi ya Kiingereza, akaona limeandikwa kujiendekeza, akadhani hiyo ndiyo maana yake yote. Namwombea, na ukipata nafasi ya kukaa naye faraghani msomee Hagai 1:6.

Unaweza kuniuliza kama nakataza mifungo. La. Bwana alisema "mfungapo" katika Mathayo 6:16, wala hakusema mkifunga kwa bahati. Kanisa la Antiokia lilikuwa likifunga lilipowatuma Barnaba na Sauli. Mimi mwenyewe hufunga Ijumaa mpaka leo, na kuna mambo katika maombi sijayapata kwa njia nyingine. Lakini Mathayo 6 inasema upake mafuta kichwani na kunawa uso ili watu wasijue, na sioni daftari linaingiaje hapo. Daftari ni la watu. Jina lililoandikwa kwa wino wa bluu linamshibisha mwenyewe kila anapolitazama, na lililoandikwa kwa wino mwekundu linawashibisha wenzake. Hiyo ndiyo plesmone ya nyama, imewekwa mezani kwa wino.

Jambo moja zaidi kuhusu neno, kisha nimalize na tumbo lako. Barua hii ina neno jingine la kujaa, pleroma, utimilifu. Liko 2:9: katika Kristo unakaa utimilifu wote wa Uungu kwa jinsi ya kimwili, na hapo "kimwili" limetoka kwenye soma. Halafu 2:10: nanyi mmetimilika katika yeye. Maneno haya mawili, pleroma na plesmone, yamechipuka kwenye mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kujaa. Paulo amewaambia Wakolosai kwamba tayari wamejazwa, na katika mstari wa 23 anawaonyesha watu wengine wanaohangaika kujijaza. Aliyejazwa na Kristo haongezewi kitu na siku 21, na wala hapunguziwi na kikombe cha uji.

Kuhusu uji: vidonda vya tumbo si jambo la kuchezea. Kwa watu wengi njaa ndefu huyaamsha maumivu, na kuna dawa ambazo hazifai kurukwa hata siku moja. Fuata kama daktari alivyokuandikia, na ukitaka kufunga kwa namna yoyote muulize yeye kwanza. Ukiambiwa tena kwamba mtu wa rohoni hajali tumbo, fungua 1 Timotheo 5:23. Timotheo alikuwa anakunywa maji matupu, pengine kwa kujinyima, naye aliugua mara kwa mara. Paulo hakumwongezea siku za mfungo. Alimwandikia atumie mvinyo kidogo "kwa ajili ya tumbo lako", na neno alilotumia ni stomachos, tumbo hilihili.

Katika kikao kijacho, kwa kuwa wewe ndiye katibu, omba daftari lile liondolewe kwenye ajenda. Kama kiongozi atauliza sababu, msomee Wakolosai 2:16 mpaka 23 taratibu, na kila Biblia yenu inaposema "mwili" mweleze ni soma au ni sarx: mwili wa mstari wa 17 ni soma, wa 18 ni sarx, wa 19 ni soma tena, na wa 23 una zote mbili. Asubuhi yake kunywa uji wako ungali na moto, umeze dawa, ndipo uende kikaoni.